Peugeot ya Marehemu Yang'arishwa Uani Machakos

Ndugu msomaji wa pwani, wewe uliyezoea kuona dele la kahawa likisuguliwa kwa ndimu na majivu hadi shaba ikawaka, pengine hutastaajabu ukisikia kwamba kazi mfano wa hiyo yafanywa huko Machakos juu ya motokaa. Mimi nilistaajabu. Nilikwenda kumjulia hali jamaa yangu mmoja akaaye chini ya vilima vya Iveti, nikamkuta uani juu ya mkeka, na mbele yake vipande virefu vya madini vimelazwa kama papa wa kukaushwa.

Gari lenyewe ni Peugeot 404 la marehemu baba yake. Vijana wa leo hawalijui, lakini wazee hawajalisahau: 404 ilishinda mbio za East African Safari mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, na mwaka huo wa mwisho, kwa mvua na tope, ni magari 7 tu yaliyofika. Mzee alilinunua Mombasa, akahamia nalo Machakos kwa biashara ya nguo, na kila Idi alilijaza watoto akateremka nalo pwani kwa mamake.

Kuhama huko ndiko kulikoliokoa, maana chumvi ya bahari ingekwisha kulila. Machakos tabu ni vumbi jekundu. Hujipenyeza nyuma ya mapambo, likinyeshewa hukaa na unyevu siku nyingi, na bati huoza kwa ndani huku nje kwang'aa. Kwa hiyo kwanza ni kubandua. Jamaa yangu hatumii bisibisi, kwani hukwaruza rangi na kuvunja vibanio. Amechonga kabari ya mti laini.

Bampa la nyuma si la asili. Mzee aligongwa zamani, akafungiwa la gari jingine, la chuma kilichopakwa kromu. Kromu ni ngozi nyembamba mno juu ya nikeli. Kutu uionayo yatoka kwenye chuma cha chini, yachungulia kwa vitundu. Ukiipiga msasa umeimaliza ngozi yenyewe. Yeye huikunja karatasi ya aluminiamu ya kufungia chakula, akaichovya majini, akasugua polepole. Aluminiamu ni laini kuliko kromu, basi huondoa kutu isikwaruze. Palipokwisha kubanduka hapana dawa ya nyumbani.

Msiba ulikuwa ukanda wa ubavuni, wa aluminiamu, uliofifia kama jicho lenye mtoto wa jicho. Alisikia kwamba soda kali ya kutengenezea sabuni huondoa ukungu ule. Akakoroga nyingi, akaulaza ukanda humo, akaenda kuswali adhuhuri. Aliporudi alikuta povu, na ukanda umegeuka kijivu cheusi. Kumbe aluminiamu ya namna ile hupewa kiwandani utando mgumu wa kuikinga. Utando ukichakaa hauna budi kuondolewa, na soda huuondoa kweli, lakini ikiachwa huendelea kula madini yenyewe. Ni kazi ya dakika chache, tena kwa glavu na miwani, mahali penye hewa.

Majuma matatu alisugua kwa msasa wa maji, namba 400, 800, 1200 hadi 2000. Kisha akatia gurudumu la katani kwenye mashine ya kutobolea, na mwisho la pamba pamoja na dawa ya kung'arishia. Katani! Nilidhani anatania, maana Ukambani naijua katani kwa viondo. Lakini viwanda vya madini hufanya vivyo hivyo: katani hutangulia, pamba ikamalizia. Na kwa kuwa utando umeondoka, lazima apake nta mara kwa mara.

Raba za milango aliziosha kwa sabuni, akazipaka gliserini. Mafuta ya taa hapana, huzivimbisha. Na wale wapakao plastiki nyeusi kiwi ya viatu, nawaombea mvua ya kwanza isiwakute na kanzu nyeupe.

Yote hayo yalifanywa chini ya ubishi. Urithi haujagawanywa, na nduguye mkubwa, akaaye Mombasa, alitaka gari liuzwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu, kila mtu apate fungu lake. Mama yao ndiye aliyezuia. "Mwacheni alisafishe kwanza," alisema, "kisha mtalitazama."

Mwishoni mwa ukanda mna kibonyeo. Mzee aliligusisha gari kwenye nguzo ya lango siku alipoletewa habari kwamba kitinda mimba kazaliwa, na kitinda mimba huyo ndiye jamaa yangu. Fundi jirani alijitolea kukinyoosha kwa nyundo ya mti. Akakataa.

Ijumaa, baada ya swala, nduguye alifika kutoka Mombasa. Alilizunguka gari asiseme neno, kidole chake kikiufuata ule ukanda hadi penye kibonyeo, kikasimama hapo. Tulikaa kimya sote. Kisha akauliza kama injini yawaka.