Pembea ya Sikukuu na Mzigo wa Kamba Yake

Miongoni mwa mambo ambayo watoto wa pwani huyangojea kwa hamu siku za Idd ni pembea. Huko Unguja wazazi huwapeleka watoto wao Mnazi Mmoja na katika uwanja wa kufurahishia watoto wa Kariakoo. Mombasa watu hukusanyika Makadara. Katika kijiji cha wavuvi kama Kigombe, kando ya njia ya pwani itokayo Tanga kwenda Pangani, furaha hiyo haihitaji mitambo. Tawi la mwembe, kamba na kipande cha ubao vyatosha.

Kabla ya watoto kuruhusiwa kupanda, mtu mzima huishika kamba, akaning'inia kidogo, na kamba isipokatika huhesabiwa kuwa ni imara. Jaribio hilo ni jema, lakini halitoshi. Kamba iliyotulia na kamba inayokwenda na kurudi hazibebi mzigo ulio sawa, hata kama aliyepanda ni yule yule.

Mwendo wa pembea

Pembea ikivutwa pembeni, aliyeipanda huinuliwa juu kidogo. Ikiachwa, nishati aliyoipata kwa kuinuliwa hugeuka kuwa nishati ya mwendo, na anapofika chini kabisa mwendo wake huwa mkubwa kuliko mahali pengine popote. Chukua mfano wa kamba yenye urefu wa mita 2.5 iliyovutwa hadi nyuzi 60 kutoka wima. Mpandaji huwa ameinuliwa mita 1.25, na akipita chini mwendo wake hukaribia mita 5 kwa sekunde, yaani kilometa 18 kwa saa.

Hapo chini kamba ina kazi mbili. Kwanza, ni lazima ibebe uzito wa mpandaji. Pili, ni lazima imzuie asiende moja kwa moja mbele, bali imgeuze afuate duara. Kumgeuza huko kunahitaji nguvu nyingine juu ya uzito. Ndiyo maana mtoto akipita chini huhisi amekuwa mzito na ubao unamsukuma, na akifika juu kabisa huhisi amekuwa mwepesi.

Hesabu ya mzigo

Tuseme watoto wawili wamepanda pamoja, kila mmoja akiwa na kilo 30. Uzito wao wote ni kiasi cha nyutoni 600, nao ndio mzigo wa kamba pembea inapotulia. Pembea ikiachwa kutoka nyuzi 30, mzigo unapopita chini hufika nyutoni 760 hivi. Kutoka nyuzi 45 hufika kiasi cha nyutoni 950. Kutoka nyuzi 60 hufika nyutoni 1,200, yaani uzito mara mbili. Na kamba ikiachwa ikiwa imelala sawa na ardhi, yaani nyuzi 90, mzigo huwa nyutoni 1,800, uzito mara tatu. Kanuni hii ya mara tatu ilitajwa na mwanasayansi wa Uholanzi, Christiaan Huygens, katika kitabu chake juu ya saa alichokichapisha mwaka 1673.

Yafaa ieleweke kwamba urefu wa kamba haubadili hesabu hii. Kamba ndefu huleta mwendo mkubwa zaidi, lakini duara lake nalo ni pana zaidi, na mambo hayo mawili hulingana. Kinachoamua ni uzito na pembe.

Sasa mtu mzima mwenye kilo 70 aliyening'inia ameijaribu kamba kwa nyutoni 700 tu. Watoto wale wawili huupita mzigo huo kabla hata ya kufika nyuzi 30. Tena kila wanapojisukuma kwa miguu pembea hupanda juu zaidi, na mzigo huongezeka bila ya mtu kuona tofauti yoyote katika kamba. Ikikatika, huelekea kukatika inapopita chini, mahali ambapo mzigo na mwendo vyote viwili ni vikubwa mno. Mtoto haanguki tu, hurushwa mbele.

Kamba yenyewe

Mkoa wa Tanga una ujuzi wa siku nyingi wa kamba. Mkonge uliingizwa nchini mwaka 1893 na Dakta Richard Hindorf, na mimea 62 tu iliyosalimika safarini ndiyo iliyoanzisha mashamba. Kamba ya katani iliyo mpya ina nguvu, lakini ikilowa mara kwa mara huoza. Kamba ya nailoni haiozi, ila jua kali huidhoofisha. Kila fundo hupunguza nguvu ya kamba, na mafundo mengine huipunguza karibu nusu. Pale inapokunjwa juu ya tawi ndipo inaposagika kila pembea inapokwenda na kurudi, nako ni mahali ambapo jicho la aliye chini halifiki.

Jaribio la darasani

Mwalimu aweza kulithibitisha jambo hili kwa uzi wa kushonea. Wanafunzi watundike kikopo kwenye uzi na kukitia kokoto moja moja mpaka uzi ukatike, kisha wakipime. Tuseme ulikatika kwa gramu 1,000. Wachukue uzi mwingine wa aina ile ile na kutundika gramu 600. Ukitulia, hautakatika. Wauvute hadi nyuzi 60 na kuuachia taratibu: mzigo utapita gramu 1,000 na uzi utakatika. Vidole na miguu viwe mbali.

Kutokana na hesabu hii, pembea ya watoto wawili wenye kilo 60 kwa pamoja haina budi kujaribiwa kwa mzigo wa kilo 180 uliotulia. Magunia ya mchanga yaliyoning'inizwa shubiri moja kutoka ardhini yafaa kwa kazi hiyo. Magunia yakianguka, hasara ni mchanga tu.