Dawa za Kansa, Choo na Maji ya Ziwa Letu



Mgonjwa wa kansa anapotoka hospitali ya Mbarara au Mulago na kurudi hapa Nakivale, anarudi na dawa mwilini. Sehemu ya dawa hiyo hutoka kwa mkojo, kinyesi na matapishi ikiwa bado na nguvu. Methotreksati inayodungwa kwenye mshipa, kwa mfano, kwa sehemu kubwa hutoka kwa mkojo bila kubadilika, nyingi yake ndani ya saa 24. Siklofosfamidi hutoka kidogo zaidi, lakini ni ngumu kuvunjika. Huko Ulaya imepita hata kwenye mitambo ya kusafisha maji taka na kukutwa mitoni.

Hatusemi haya ili uogope maji ya bomba. Kilichokutwa mitoni ni kidogo mno, hupimwa kwa gramu moja iliyogawanywa mara bilioni, na kwa kiasi hicho wataalamu hawaoni hatari kubwa kwa mnywaji. Kinachoua watu haraka kambini ni kuhara, kwa hiyo endelea kuchemsha maji au kutia klorini. Ila ujue kwamba klorini na moto ni vya kuua vijidudu. Havikuwekwa kwa ajili ya kuondoa dawa za kansa.

Basi tunajali nini? Dawa hizi zimeundwa kuua seli zinazogawanyika haraka, na hazichagui. Yai la samaki na wadudu wadogo wa majini, ambao samaki huwala, nao wana seli za namna hiyo. Ziwa Nakivale ni la kina kifupi, na pamoja na Mburo limo katika ardhi oevu inayolindwa kimataifa tangu 2006. Tunavua humo, na maji yetu ya bomba yanatoka humo. Kinachomwagwa ufukweni hakiendi mbali.

Kwa siku mbili baada ya matibabu, au zaidi kama daktari amesema, mgonjwa atumie choo cha shimo, achuchumae au akae ili mkojo usiruke, kisha afunike tundu na kunawa kwa sabuni. Choo kiwe angalau mita 30 kutoka kwenye kisima. Anayemuuguza avae glavu. Nguo na shuka zenye mkojo au matapishi zifuliwe peke yake, na maji ya kufulia yamwagwe chooni. Yasimwagwe mtaroni, na shuka zisipelekwe kufuliwa ziwani, ingawa tunajua kubeba maji hadi nyumbani ni kazi. Mama mjamzito aachiwe kazi nyingine. Siklofosfamidi yenyewe, inayotibu kansa, inaweza pia kusababisha kansa kwa mtu anayeigusa mara kwa mara bila kinga.

Hapa tuseme wazi. Kansa haiambukizi. Jirani anayemkataza mgonjwa choo cha pamoja anamlazimisha kwenda vichakani au ufukweni, na hapo ndipo dawa inapoingia majini. Choo kilichofunikwa na kusafishwa hakimdhuru mtu. Na wewe mgonjwa, usiache dozi kwa sababu ya maneno ya watu. Tangu Taasisi ya Kansa ya Uganda ianzishwe Mulago mwaka 1967, ikiwatibu watoto wenye uvimbe wa taya, dawa hizi zimeokoa wengi.

Vidonge vilivyobaki vina hatari kuliko mkojo, kwa sababu dawa yote bado imo. Mara nyingi hubaki mgonjwa anapofariki, na familia haina moyo wa kuvitupa. Tunaelewa. Lakini usivitupe chooni wala ziwani, usimpe mgonjwa mwingine, usiviuze sokoni, na usivichome uani. Shirika la Afya Duniani linataka taka za dawa hizi zichomwe kwa joto la zaidi ya nyuzi 1200. Moto wa kuni haufiki huko, na moshi wake hubeba sumu.

Vifunge kwenye mfuko, vikiwa ndani ya pakiti yake, uvilete kituo cha afya na kumkabidhi muuguzi wa dawa. Hutaulizwa kwa nini vimebaki. Kama huwezi kutembea, mwambie mhudumu wa afya wa kijiji chako aje kuvichukua, na umwombe glavu kama zimekuishia.