Kabla ya kumlipa fundi wa dishi, angalia saa

Mechi ya saa kumi na moja jioni, mwezi wa Aprili. Umelipa kiingilio kibandani Kawangware, mvua inaanza kugonga mabati, na ghafla picha inaganda huku straika akiwa na mguu hewani. Kisha skrini inakuwa nyeusi. Watu wanamgeukia mwenye kibanda. Mwachilie jo, si yeye.

Panda juu ya ghorofa lolote pale River Road uangalie dishi za DStv. Zimelala chali kama sahani zinazongoja chakula. Setelaiti yake iko juu ya ikweta, nyuzi 36 mashariki, karibu juu kabisa ya Mogotio kule Baringo. Kwetu Nairobi hiyo ni utosini, kilomita kama 36,000 juu. Za Azam zinatazama magharibi, kwa sababu setelaiti yao iko nyuzi 7 mashariki, huko juu ya Sao Tome.

Mawimbi yanakata safari hiyo yote bila stress. Yanavurugwa kilomita tatu nne za mwisho, ndani ya mvua. Wimbi moja lina urefu wa kama sentimita mbili na nusu, na matone mazito ya masika yanalinyonya na kulitawanya. Jirani mwenye antena ya GOtv anaendelea kutazama, kwa sababu mawimbi yake yanatoka kwa mnara wa hapa chini na yana urefu wa karibu nusu mita, kwa hivyo mvua haiyasumbui sana. TV ya analogi, ile iliyozimwa 2015, ilikuwa inakuonya kwa chengachenga. Dijitali haina adabu hiyo: picha safi, safi, safi, halafu giza.

Sasa kuna hii nyingine ambayo huwa inachanganya watu kabisa. Kila mwaka, siku chache kabla na baada ya Machi 21, na tena karibu Septemba 22, jua linapita nyuma ya setelaiti ukitazama kutoka hapa. Jua nalo linarusha mawimbi ya redio, na dishi yako inasikia hiyo kelele kuliko setelaiti yenyewe. Kwa dishi ya DStv inatokea mchana, karibu saa saba kasorobo mwezi wa Machi na karibu saa sita unusu Septemba, wakati kivuli chako kimejificha chini ya viatu. Kwa Azam ni mida ya saa tisa alasiri. Dakika chache tu, anga ikiwa safi, halafu inarudi. Kesho yake, saa ile ile, tena.

Na Machi ndio masika yanaanza. Kwa hivyo wiki hiyo hiyo unaweza kupoteza picha mchana kwa sababu ya jua na jioni kwa sababu ya mvua, na ukiamini dishi imeharibika unaita fundi. Anapanda, anaguza nati mbili, picha inarudi (ingerudi tu), na ngiri yako imeenda. Sisemi mafundi wote ni wakora. Wengine nao wanaamini ni ile nati.

Kuna shida ambazo hazirudi zenyewe, na hapo fundi anastahili pesa yake: maji yameingia kwenye kiungo cha kebo, upepo umesukuma dishi. Ama ghorofa jipya limeota. Kama unaishi Kileleshwa na dishi yako inatazama magharibi, jengo la jirani linaweza kukuzibia mwezi ambao limefika orofa ya kumi. Ile inayotazama juu haina huo wasiwasi, hadi mtu akujengee utosini.

Kwa mwenye kibanda, dawa ni dishi kubwa. Ya sentimita 90 inakusanya mawimbi zaidi ya mara mbili ya ile ya 60, kwa hivyo inavumilia mvua ambayo ndogo haiwezi. Ile ngurumo ya kuzamisha mitaro Kangemi bado itaizima.

Wewe wa nyumbani, fungua menyu ya dekoda. Kuna mistari miwili, wa nguvu na wa ubora. Nguvu ikiwa juu na ubora umeanguka, saa saba kasorobo, Machi, jua kali? Pika chai. Mistari yote ikiwa chini asubuhi kavu ya Julai, mpigie fundi.