Dungusi la Mvita na Majira ya Wageni

Vitabu vya kutunza mimea ya nyumbani vinavyotufikia aghalabu vimeandikwa Uingereza au Uholanzi, na msomaji wetu huvichukua kama sheria isiyopingwa. Humo dungusi, yaani ule mmea mdogo wa miiba ambao wengi siku hizi huuita kaktasi, hutolewa amri mbili kuu. Ya kwanza ni kuliweka kwenye dirisha linaloelekea kusini. Ya pili ni kulipumzisha bila maji katika majira ya baridi, penye nyuzi 5 hadi 10 za selisiasi, ili litoe maua mwaka unaofuata. Amri zote mbili ni sahihi. Ni sahihi London. Mkaazi wa Kuze au Kibokoni akizifuata neno kwa neno atabaki na mpira wa kijani wenye miiba usiochanua kamwe, kisha atajilaumu kwamba hana mkono wa kupanda.

Tuanze na dirisha. Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa Ikweta, na kwa sababu hiyo jua hupita juu ya utosi wetu mara mbili kwa mwaka, mapema mwezi wa Machi na mapema mwezi wa Oktoba. Katika miezi ipatayo saba kati ya Machi na Oktoba, jua la adhuhuri huelemea upande wa kaskazini. Katika ile mitano inayosalia huelemea kusini. Hivyo basi, dirisha la kusini ambalo Mwingereza analisifu huwa halina jua kwa sehemu kubwa ya mwaka wetu. Isitoshe, vichochoro vya Mji wa Kale vilijengwa makusudi vitie kivuli, kuta za matumbawe zikitazamana kwa karibu mno. Atakaye maua na alipandishe dungusi lake darini au alitoe kwenye roshani inayopata jua la asubuhi. Jua la saa sita la Januari na Februari, hasa karibu na mabati, linaweza kuliunguza, kwa hiyo kitambaa chepesi cha kivuli hakina budi miezi hiyo.

Amri ya pili ni ngumu zaidi, na hapa ndipo tatizo la mimea linapogeuka kuwa tatizo la lugha. Mfasiri anayekutana na majira ya baridi ya Ulaya huandika "kipupwe" na kuendelea na safari yake. Lakini kipupwe chetu, kile cha Juni hadi Agosti, ni usiku wa nyuzi zipatazo 20, upepo wa kusi na manyunyu ya hapa na pale. Hakikaribii hata kidogo zile nyuzi 5. Dungusi hufungua vitundu vyake vya kuvutia hewa usiku, wakati ambapo halitapoteza maji mengi, na kuihifadhi hewa ya ukaa kwa sura ya asidi hadi jua litoke. Ni mmea unaotegemea usiku wa baridi. Jamii za milimani, kama vile rebutia, zimezoea baridi hiyo kiasi kwamba bila ya hiyo hazitii vichipukizi vya maua. Kumshauri mtu wa Mvita anunue rebutia ni kumuuzia huzuni.

Hata hivyo kipupwe chetu kina faida yake tukikitumia kama kilivyo. Madungusi mengi ya nyanda za chini, mathalan jimnokalisiamu na baadhi ya mamilaria, hutosheka na ukavu pamoja na kupungua kidogo kwa joto. Ratiba yake, kwa maneno yetu wenyewe, ni hii: masika yakianza mwezi wa Aprili, vyungu viingizwe chini ya paa, kwa kuwa mvua ya Mei ya Mombasa huozesha mizizi kwa siku chache tu. Kipupwe chote viachwe humo humo, na maji kidogo mara moja kwa mwezi yatosha. Kusi likilegea mwezi wa Septemba, maji yaanze: mwagia hadi yatoke chini, kisha usiguse tena mpaka kijiti ulichochomeka udongoni kitoke kikavu. Kaskazi ndiyo majira ya kukua.

Wazee wetu wangeliandika haya kwa urahisi kuliko sisi. Waswahili walikuwa na mwaka wa jua ulioanza Nairuzi na kuhesabiwa kwa miongo ya siku kumi kumi. Nahodha alijua mwongo wa kutweka tanga na mkulima alijua mwongo wa kupanda. Leo mwanafunzi wa Mombasa hutaja misimu minne ya Ulaya bila kusita, lakini ukimuuliza kaskazi huanza lini hukutazama kama uliyemtega. Mwalimu wa Sayansi hawezi kulaumiwa peke yake, maana kitabu alichopewa hakikuandikiwa upepo wake.

Suala la majina nalo lina uzito. Kamusi zetu hutoa "dungusi kakati" na "mpungate", hili la pili likitumika hasa kwa lile dungusi la majani bapa kama viganja. Neno la Kizungu lenyewe lina historia ya kuchekesha: Wagiriki waliita kaktos mmea mwingine kabisa wa miiba, wa huko Sisilia, na Linnaeus akalichukua mwaka 1753 kuvipa viumbe vya Amerika ambavyo Wagiriki hawakupata kuviona. Madungusi karibu yote asili yake ni Amerika. Ni moja tu, lisilo na miiba mikali na linaloning'inia mitini, linaloota lenyewe katika misitu ya Afrika, ikiwemo ile ya Usambara. Kwa hiyo hatuna sababu ya kuona haya kwamba jina letu ni la kuazima au la kuunga. Nao Waarabu wa Shamu huuita mpungate kwa mzizi ule ule uliotupatia sisi subira na shubiri.

Ubaya wa kukosa majina ni kwamba vitu viwili tofauti huuzwa kwa jina moja. Yuforbia, ambayo jamaa zake wengi ni wa Afrika na Madagaska, hupangwa pamoja na madungusi na kuitwa kaktasi bila ya kubagua. Utomvu wake mweupe huchoma ngozi na unaweza kudhuru macho vibaya, jambo ambalo mzazi mwenye watoto wadogo anastahili kuambiwa. Utomvu pekee si kipimo, kwa sababu mamilaria kadhaa nazo hutoa maziwa. Kipimo cha hakika ni kidoa chenye manyoya ambapo miiba ya dungusi huotea kwa kishada, na ambapo ua pia hutokea kwa madungusi mengi. Yuforbia haina kidoa hicho. Mimi hukiita "kitako cha mwiba", na mwenye jina bora alilete. Marehemu Sheikh Ahmed Nabhany, aliyefariki mwaka 2017, alionyesha katika Umbuji wa Mnazi jinsi lugha hii inavyoweza kuutaja mti mmoja kwa ukamilifu. Lugha inayotofautisha kidaka, kitale, dafu, koroma na nazi haiwezi kushindwa na kidoa cha manyoya.

Kuhusu udongo nisirefushe. Mchanga wa pwani una chumvi, na vumbi la matumbawe lina chokaa nyingi mno. Tumia mchanga wa mtoni wenye chembe kubwa, matofali yaliyopondwa na mboji kidogo, katika chungu chenye tundu. Maji ya visima vya kisiwani yana chumvichumvi na huacha ukoko mweupe. Maji ya mvua ndiyo dawa, na mji uliojenga mabirika misikitini hauhitaji kufundishwa kukinga maji.

Sokoni nako kuna ujanja wa kutazamwa. Yale madungusi mekundu au ya manjano ni vichwa visivyo na ukijani vilivyopandikizwa juu ya shina la dungusi jingine, na mara nyingi havidumu. Kuna pia maua makavu yanayobandikwa kwa gundi. Ua linalokaa wazi mwezi mzima bila kunyauka si la dungusi hilo.

Ningeulizwa nichague moja tu kwa nyumba ya Mji wa Kale, ningechagua melokaktasi. Kwao ni visiwa vya Karibi na Brazil, baadhi ya jamaa zake huota karibu kabisa na bahari, na baridi ndiyo adui yake. Mkulima wa Ulaya hulipasha moto kwa gharama ili lisife. Sisi joto tunalo bure. Likikomaa, mwili wake huacha kukua na juu yake huota kofia ya manyoya na vijiiba vyekundu. Waingereza waliiona wakaiita kofia ya Mturuki, na inasemekana visiwa vya Turks vilipata jina kutokana nayo. Mswahili akiiona hahitaji mkalimani: ni tarbushi.

Baadhi ya melokaktasi za mwituni zimo hatarini, na biashara ya karibu jamii nzima ya madungusi imedhibitiwa na mkataba wa CITES tangu mwaka 1975. Kwa hiyo lililo halali na rahisi ni kupanda mbegu. Mbegu zake ni nyeusi, ndogo kama za ufuta au chini ya hapo, na huchipua kwa majuma machache katika joto letu la kawaida, mradi udongo ubaki na unyevu na kivuli mwanzoni. Darasa la Gredi ya 4 likizipanda Septemba, tarbushi huenda isionekane mpaka wanafunzi hao wamekwisha maliza sekondari. Baada ya hapo maua madogo ya waridi hutokeza ndani ya tarbushi, hufunguka alasiri na kufunga jioni, na baadaye matunda mekundu kama pilipili husukumwa nje yakiwa na mbegu nyingine.