Bakuli kutoka vipande vya mbao vyenye vinabaki ku atelye

Pita mbele ya atelye yoyote ya menizye ku Katuba, ku Kenya ao ku Ruashi. Chini ya meza kuko vumbi ya mbao, na pembeni kuko mfuko wa vipande vifupi: mulombwa yenye ilibaki ku mlango, mupapa yenye ilibaki ku kitanda, mbao nyeupe ya mapaleti. Kipande cha urefu wa kidole hakifanyi tena kiti. Lakini vipande 60 vya namna ile, vikikatwa muzuri na kushikamana na kole, vinafanya bakuli moja ya upana wa sentimetre 24, na mtu mwenye kuiona anafikiri fundi alipaka rangi.

Wanamemba wa koperative wenye wako na mashamba kando ya barabara ya Kasenga, ya Likasi ao ya Kipushi wanaweza kuuliza: hii inatuhusu nini, sisi watu wa mahindi? Inatuhusu juu ya miti. Kila mwaka wenye kinga wanasukuma mifuko ya makala kutoka mbali zaidi, juu miombo ya karibu na muji imeisha. Mukula yenyewe tuliona ikikatwa kwa nguvu mu miaka ya 2010 na kupita Kasumbalesa mu malori, gogo kwa gogo. Mti wenye ulichukua maisha ya mtu kukomaa, kipande chake cha mwisho kinachemsha maji ya bukari moja.

Lakini tuseme kweli mbele ya kuendelea. Ku Lubumbashi hakuna takataka ya mbao. Mfuko ule wa vipande, mama mwenye kuuza beignet anaununua juu ya mbabula yake. Vumbi ya mbao inaenda chini ya kuku. Koperative ikikuja kusomba yote, mama ule atarudi ku makala, na makala inatoka mu miombo ile ile. Njo maana sisi tunashauri hivi: mpatane na menizye, mlipe kitu kidogo, mchague mbao ngumu zenye rangi, zingine zibaki kwa wenye kupika. Bakuli 10 kwa mwezi hazihitaji hata nusu ya mfuko wa mahindi.

Katanga inajua bakuli tangu zamani. Mboko ya Waluba, ile bakuli yenye mwanamke wa mti anashika mikononi na yenye ilikuwa inatiwa pemba, ilichongwa yote mu gogo moja na tezo. Ku pwani, ku Lamu na Unguja, mafundi wako na neno lao, kukereza, na mashine yao wanaiita keezo; njo yenye inafanya miguu ya duara ya vitanda vyao. Bakuli ya vipande ni kitu kingine. Hii inajengwa kwanza kama ukuta wa matofali, kisha inakerezwa. Ku Marekani watu waliandika vitabu vizima juu yake. Cha Malcolm Tibbetts cha 2004 kinajulikana sana.

Na hapa kuko habari njema kwa mtu wa kijiji: sehemu kubwa ya kazi haitaki umeme. Inataka msumeno wenye makali, kole nyeupe ya menizye, msasa, mpira wa ndani ya kinga, na uvumilivu.

Anza na kukausha. Kuanzia Mei mpaka Septemba hewa yetu ni kavu, na Januari kila kitu kinavimba, hata mlango unakatala kufunga. Mbao yenye maji ndani itapasua bakuli yako kisha kuuzwa, na mnunuzi hatarudi. Panga vipande kivulini, hewa ipite kati yao. Kila juma pima kipande kimoja ku mizani ndogo ya duka. Siku uzito umeacha kushuka kwa majuma mbili tatu, mbao iko tayari. Vipande vya mapaleti, angalia alama: HT maana yake vilipashwa moto, hakuna shida, MB maana yake vilitiwa dawa ya kuua wadudu, hivyo usivitie mu chombo cha chakula.

Sasa hesabu. Bakuli yetu iko na miviringo mitano, mmoja juu ya mwingine, kila mmoja vipande 12. Kila ncha ya kipande inakatwa ikiinama digrii 15. Kama hauna chombo cha kupima digrii, chukua ubao mkubwa, chora sentimetre 50 mbele moja kwa moja, panda sentimetre 13.4 pembeni, unganisha: ule mstari njo digrii 15. Fanya kisanduku cha mbao tatu, kata njia ya msumeno ku mstari ule, na utakata siku nzima bila kupima tena. Urefu wa kipande, upande wa inje, ni upana wa mviringo mara 0.268. Mviringo wa juu wa sentimetre 24 unataka vipande vya 6.4, ule wa chini wa sentimetre 13 unataka vya 3.5. Upana wa kipande uwe sentimetre 3, unene 2. Nyuzi za mbao zifuate urefu wa kipande.

Hapa njo watu wengi wanashindwa. Mviringo mmoja uko na mikato 24. Kama kila mkato umekosa nusu digrii tu, makosa yote pamoja ni digrii 12, na ku mviringo wa 24 utabaki na pengo ya sentimetre mbili na nusu. Usijaribu kuijaza na kole na vumbi. Wazee wa kazi hii wanafanya hivi: wanashikamanisha vipande sita, vingine sita pembeni, kila nusu peke yake. Kole ikikauka, wanasugua ncha za kila nusu juu ya msasa wenye umebandikwa ku kioo, mpaka zikae sawa juu yake bila mwanga kupita. Kisha wanaunganisha nusu mbili. Makosa yote yanaishia ku viungo viwili tu, na pale yanarekebishwa. Kufunga, zungusha mpira wa kinga kwa nguvu, uache usiku na mchana.

Ncha ya mbao inakunywa kole kama mchanga. Paka mara ya kwanza nyembamba, ngoja kidogo, paka tena. Kiungo cha ncha peke yake si nguvu; nguvu inatoka ku mviringo wenye uko juu yake. Njo maana kila mviringo unageuzwa nusu ya kipande, sawa fundi mwashi anavyopanga matofali, kiungo kisikae juu ya kiungo. Na chini kabisa tia duara ndogo ya mbao moja, isipite sentimetre 9. Duara kubwa itavimba Januari na kusukuma vipande vyote inje.

Kukereza yenyewe ni jambo la muji. Keezo ya mguu yenye kamba na mti wa kupinda inafaa mbao mbichi; mbao kavu ya mupapa itakuchokesha bure. Inataka mota, ao gurudumu nzito ya kukanyaga. Sisi tunaona heri koperative ijenge bakuli kijijini na kulipa fundi wa muji mwenye mashine kwa kila moja, kuliko kununua mashine. Mashine ngapi za msaada zinapata kutu mu depo za koperative, juu umeme haukufika ao mukanda mmoja ulikatika? Feza ya mbegu na mbolea isiguswe mbele ya kuuza bakuli 20 za kwanza. Andika saa zenye kila mtu alitumia, gawa bei kwa saa zile. Kama saa moja inaleta kidogo kuliko kulima maharagwe, basi ni kazi ya kiangazi tu, wakati shamba limelala.

Mwenye kwenda kukereza: miwani, kitambaa ku pua, juu vumbi ya mulombwa na mukula inawasha kifua, hakuna glove, hakuna liputa yenye kuning'inia. Mzunguko uanze pole, chini ya 500 kwa dakika, na usisimame mbele ya bakuli bali pembeni. Kiungo kibaya kinaruka.

Wanunuzi ni wageni wa hoteli, watu wa mine wenye wanarudi kwao, na zaidi sana sherehe za ndoa. Mukula iko ku orodha ya CITES tangu 2019, na mu 2022 mkutano wa Panama uliongeza jamii yote ya Pterocarpus ya Afrika, mulombwa ndani, pamoja na mupapa. Sheria ile inaangalia hasa magogo na mbao, lakini mgeni mwenye kupanda ndege atauliza. Mpe karatasi ya menizye yenye inaonyesha vipande vilitoka wapi.

Kwa kungarisha, msitumie mafuta ya ngazi wala ya karanga. Hayakauki, na kisha juma kadhaa yananuka. Wenye mizinga kati yenu wako na dawa nyumbani: nta ya nyuki, sehemu moja, na mafuta ya alizeti sehemu tatu, viyeyushwe ndani ya kopo yenye imesimama mu maji ya moto, si juu ya moto wenyewe. Paka, ngoja saa moja, futa na kitambaa kikavu, rudilia kesho yake. Mwambie mnunuzi bakuli ni ya matunda, karanga, mkate. Bukari ya moto hapana, na isilale mu maji. Ikififia, apake nta tena.