Manowari ya Ubao

Wasomaji, hapa Lwakhakha hatuna bahari, tuna mto tu. Lakini mwenye kisu, ubao na subira aweza kuchonga mfano wa Königsberg, manowari ya Wajerumani iliyoizamisha Pegasus ya Waingereza huko Unguja mwaka 1914. Urefu wake ulikuwa meta 115. Basi kwa kila meta pima sentimeta moja. Simamisha dohani 3 na mizinga 10, lakini mizinga usiitie gundi. Manowari ilipoangamia Rufiji mwaka 1915, mizinga yake ilitolewa majini, ikakokotwa nchi kavu kwa nguvu za Waafrika. Mmoja umewekwa Fort Jesus, Mombasa. Kwa hiyo, fundi, wachonge na wakokotaji hao, kila mtu asizidi sentimeta 2. Bila wao habari haijatimia.