Zabibu mchana, bahari jioni: siku moja ya kungoja mzigo Dar

Wafanyabiashara wengi wa Kikuubo wanaijua Dar es Salaam kwa sehemu tatu: bandari, Kariakoo na chumba cha gesti. Kontena likichelewa kutoka, siku huliwa hapo hapo, simu mkononi, ukimpigia wakala wa forodha ambaye jibu lake ni "kesho". Siku hiyo unailipia chumba na chakula, na hairudi. Sasa inaweza kutumika kwa jambo linalohusu biashara.

Tangu katikati ya 2024 treni ya umeme ya reli ya kisasa, SGR, inakwenda Dodoma kwa muda usiofika saa nne. Nauli ya daraja la kawaida ilipoanza ilikuwa shilingi 31,000 za Tanzania. Kwa basi, safari hiyo ingemaliza mchana wote. Kwa treni ya alfajiri unafika Dodoma mapema, unatembelea mashamba ya zabibu na kiwanda cha mvinyo, kisha unarudi pwani.

Dodoma ni nchi kavu. Mvua haba na jua kali ndivyo vinavyoifaa zabibu, na mkulima huvuna mara mbili kwa mwaka, takriban Machi na tena Agosti hadi Septemba. Wamisionari wa Bihawana ndio walioanza kuipanda, wakitaka divai ya altare. Leo kuna mashamba Hombolo, Makutupora na kwingineko, na viwanda kama CETAWICO. Piga simu kabla ya kwenda, maana kiwanda si hoteli. Ukikubaliwa utaona jinsi mvinyo mwekundu unavyochachushwa pamoja na maganda yake, hayo ndiyo yanayoupa rangi, wakati ule mweupe hukamuliwa kwanza. Asiyekunywa pombe naye hajapoteza safari: msimu wa mavuno zabibu huuzwa barabarani.

Muulize mkulima kuhusu soko. Zabibu ikishachumwa haingoji. Matangi ya kiwanda yakijaa, mwenye shamba huuza kwa bei ya kutupa au huitazama ikiharibika. Serikali ya Tanzania imeutoza mvinyo wenye zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za nyumbani ushuru mdogo kuliko ule unaotoka nje, na hilo limesaidia, lakini wanunuzi bado ni wachache. Kwa nini basi chupa nyingi kwenye rafu za Kampala zinatoka Afrika Kusini, wakati jirani anakosa mnunuzi? Sisi tuna tonto, tena tamu, ila haisafiri. Siku mbili tu imeshachacha kupita kiasi. Mvinyo wa chupa unavumilia barabara.

Hapa uwe mwangalifu. Bidhaa iliyotengenezwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki haitozwi ushuru wa forodha ikiwa na cheti cha uasili, na mzigo usiozidi dola 2,000 una utaratibu rahisi ikiwa bidhaa imo katika orodha ya pamoja. Lakini Mutukula haiishii hapo. Uganda itadai ushuru wa bidhaa, VAT ya asilimia 18, na tangu Novemba 2019 stempu ya kodi ya kidijitali kwenye kila chupa. Stempu ya Tanzania haitoshi. Anayepakia katoni kumi chini ya kiti cha basi bila kuuliza URA anacheza na mtaji wake. Chukua chupa mbili tatu za kuonja, risiti na namba ya simu ya meneja wa mauzo. Hesabu ifanywe Kampala.

Jioni, nenda Coco Beach. Mihogo ya kukaanga yenye pilipili ndiyo sifa ya pale, na upepo wa Bahari ya Hindi hauna harufu ya Nalubaale tuliyoizoea Ggaba. Ukitaka samaki, soko la Feri ni la asubuhi. Jioni utakuta mabaki na bei ya mgeni.

Tiketi ya kurudi ikate pamoja na ya kwenda, ukiwa na pasipoti, kwa sababu treni za jioni hujaa Ijumaa na Jumapili. Na wakala mwambie mapema kwamba siku hiyo upo Dodoma, asije akakuita bandarini saa nne asubuhi kutia saini.